Ardhi Iliyoitwa Tupu: Wambuti wa Ukingo wa Mavivi na Sheria za Kongo

Mavivi, iliyoko kaskazini mwa mji wa Beni kando ya Barabara ya Kitaifa Namba 4 iendayo Oicha na Eringeti, hujulikana leo kwa uwanja wake wa ndege. Lakini kabla ya barabara hiyo kupasuliwa, ilikuwa sehemu ya ukingo wa msitu mkubwa wa Ituri, makao ya Wambuti, yaani watu wa asili walioishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma vyakula vya mwituni. Wafanyabiashara wa pwani waliwaita Mbilikimo, jina linalompima mtu kwa urefu wake lisiseme lolote juu ya anachokijua.

Ujuzi huo ulikuwa mpana. Wanawake walijenga vibanda vya fito na kuviezeka kwa majani mapana ya mongongo; wanaume walitandaza nyavu katika nusu duara, huku wanawake na watoto wakiwaswaga funo na wanyama wengine kuelekea kwenye nyavu hizo; na kambi ilipokwisha kukaa mahali kwa majuma kadhaa ilihamishwa, hata wanyama wakapata kuongezeka na mimea kuchipua upya. Kwa wakulima waliopakana nao, wakiwamo Wanande na Wapakombe, Wambuti walipeleka nyama na asali wakapata ndizi, chumvi na vyuma, ingawa mabadilishano hayo yalichanganyika na unyonge, kwa kuwa familia ya mkulima mara nyingi ilijihesabu kuwa bwana wa familia ya Wambuti.

Maisha ya namna hiyo hayakuacha shamba wala mpaka wa mawe, na hapo ndipo sheria ilipowapita. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilitangaza kuwa ardhi yote tupu, maana yake ardhi isiyoonekana kukaliwa wala kulimwa, ni ya dola. Na mwaka 1925 ikaundwa Hifadhi ya Albert, iitwayo Virunga tangu 1969, ambayo baadaye ilipanuliwa hadi bonde la Semliki na kuufanya uwindaji wa wenyeji kuwa kosa. Uhuru haukuibadili hali hiyo kwa kina, kwani sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali na kuahidi amri ya rais ya kufafanua haki za jamii kwenye ardhi zao, amri ambayo haikutolewa.

Ndani ya pengo hilo waliingia wapasuaji wa mbao na wakulima wa kakao, kisha vita. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika teritwari ya Beni, ambayo mengi yamehusishwa na waasi wa ADF wenye asili ya Uganda, yamewafukuza Wambuti kutoka kambini hadi kando ya barabara, ambako mwindaji bila msitu hana chakula, na mtoto hana mahali pa kufundishwa miti ya dawa na ya asali.

Sheria zimeanza kuwaona. Amri ya mwaka 2014 iliruhusu jamii kupewa msitu usiozidi hekta 50,000 kwa misingi ya mila, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ikatambua haki za watu wa asili juu ya ardhi wanayoitumia, pamoja na sharti la kuombwa ridhaa kabla ya mradi wowote kuanzishwa humo. Mwaka 2021, katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow, mataifa na mifuko ya wafadhili iliahidi dola bilioni 1.7 kwa watu wa asili na jamii za wenyeji, kwa kuwa misitu wanayoilinda huhifadhi kaboni ambayo ingeongeza joto la dunia.

Fedha hizo, hata hivyo, zitawafaa Wambuti endapo tu watarudishiwa usalama na msitu wenyewe. Ombi la msitu wa jamii huambatana na ramani, na ramani inayochorwa pamoja nao, yenye njia za nyavu, makambi ya zamani na miti ya asali, ndiyo jibu la haki kwa neno "tupu" lililoandikwa mwaka 1885.