Moyo unaopiga bila mpangilio: kuutibu na kuuzuia usirudie

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika 1 nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100, yanayofuatana sawasawa. Yakija ovyo, mara haraka mara kwa kuchelewa, inawezekana vyumba viwili vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kujikaza. Madaktari huuita ugonjwa huo fibrilasio ya atria. Ukipita siku 7 bila kukoma, ni ule wa kuendelea. Kipimo cha kuuthibitisha ni elektrokadiogramu, ile karatasi yenye mistari.

Ulaya ni ugonjwa wa wazee hasa. Kwetu huwakuta pia mama vijana, kwa sababu ya homa ya baridi yabisi: maumivu ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, na miaka baadaye mlango mmoja wa moyo umekuwa mwembamba. Wagonjwa wengine hukosa pumzi wakipanda mlima. Wengine hawasikii kitu, hadi siku ya kiharusi, kile tunachokiita AVC.

Hapo ndipo penye hatari. Damu inayotuama ndani ya chumba kinachotetemeka huganda, na kipande kikichomoka kinaweza kufika ubongoni. Ugonjwa huu huzidisha hatari ya kiharusi karibu mara 5. Kwa hiyo wagonjwa wengi huhitaji kwanza dawa ya kuzuia damu kuganda. Aspirini haitoshi. Kwa mwenye mlango wa moyo uliobana, dawa za zamani, warfarini au asenokumaroli, bado ndizo bora: uchunguzi mkubwa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliozitumia walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa mpya.

Dawa hizo za zamani zinadai uangalifu. Damu ipimwe mara kwa mara, na kipimo cha INR kikae kati ya 2 na 3. Sombe na lengalenga si mwiko, lakini ule kiasi kilekile kila juma, kwa maana mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa. Metronidazoli na kotrimoksazoli huizidisha, basi mwambie muuguzi unachomeza kabla hajakuandikia kingine. Mama anayetaka kupata mimba amwone daktari mapema, kwani dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kisha mbio za moyo hupunguzwa kwa bisoprololi au digoksini. Kwa wengi hilo linatosha. Wengine hurudishiwa mpangilio kwa amiodaroni, ambayo inaweza kudhuru tezi ya shingo na mapafu, au kwa umeme, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Kabla ya umeme huo humezwa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa juma 3 angalau, na baadaye juma 4. Kuna pia kuunguza sehemu ndogo za moyo kwa mrija unaopitishwa katika mshipa wa paja, kazi iliyofunguliwa njia na madaktari wa Bordeaux mwaka 1998. Ni hospitali chache za Afrika zinazoifanya.

Hata baada ya hayo ugonjwa hupenda kurudi. Tansio kubwa, unene na tezi isiyotibiwa huuita tena. Pombe pia, iwe lotoko, kasiksi au bia: huko Australia, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, wanywaji walioombwa kuacha walirudiwa 53 kwa 100, na walioendelea 73 kwa 100, ndani ya miezi 6. Aliyeugua baridi yabisi asiache sindano yake ya penisilini ya kila juma 3 au 4.

Wapo wanaoacha vidonge baada ya maombi, kwa kuwa moyo umetulia. Mshukuru Mungu kwa utulivu huo, na vidonge uendelee kumeza. Hatari ya damu kuganda hufuata umri, tansio, sukari na mlango wa moyo, hata mapigo yakiwa mazuri. Daktari pekee ndiye aseme vikomeshwe lini.

Mdomo ukipinda ghafula, mkono ukilegea, maneno yakikwama, au choo kikiwa cheusi kama lami, kimbilia hospitali saa ileile, ukiwa na karatasi ya dawa zako mkononi.