Ua Tulilolisahau Katika Historia ya Korosho

Ukitoka Lindi kwenda Masasi unafika Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapochepuka. Ukipita Julai au Agosti, mikorosho iko kwenye maua: madogo, meupe, yanayogeuka mekundu kadiri siku zinavyokwenda. Wengi tunapita tu, tunasubiri korosho.

Historia ya zao hili nayo tumeisimulia hivyohivyo. Tunajua Wareno waliuleta mkorosho kutoka Brazili. Tunajua msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000, na kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Ukiuliza kisa, utajibiwa: vijiji vya Ujamaa na bei ndogo. Ni kweli, lakini jibu hilo halijafika kwenye ua.

Shada moja la mkorosho hutoa mamia ya maua, na mengi ni ya kiume tu, hayazai. Machache ndiyo yenye pande zote mbili. Hayo nayo humhitaji nyuki au mdudu mwingine ayaletee chavua, na hata yakichavushwa mengi hupukutika. Yaani hata mwaka mzuri, korosho chache tu hukomaa kwenye kila shada.

Sasa weka ubwiri unga hapo. Ukungu huu, uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, hupenda sehemu changa: chipukizi na maua. Ua likifunikwa na ule unga mweupe, hunyauka kabla halijafunguka. Nyuki akija, hakuna cha kuchavusha.

Hapo ndipo siasa na ua vinapokutana. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Mkorosho usio na mwenyewe haupogolewi. Matawi husongamana, unyevu hukaa kivulini, ukungu ukapata nyumba. Kisha upepo ukaupeleka hadi mashamba ya waliobaki wakipalilia. Miti haikufa. Ilisimama, ikachanua kila mwaka, na mabibo yakawa ya kuhesabu.

Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walianzia kwenye ua hilohilo: salfa ipulizwe mapema, kabla ukungu haujatawala, na miche inayouvumilia itafutwe. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000.

Ndiyo maana Masasi na Newala salfa ikichelewa watu huanza kuulizana mapema, wakati hakuna korosho hata moja mtini. Mnada utakuja Oktoba. Wanaoikumbuka miaka ile huangalia maua.