Reli ya Nanyuki na wifi ya lapi yangu

Wasee, usiku mmoja hapa Nyeri nilisasisha Linux kwenye lapi yangu ya ex-UK, nikalala. Asubuhi ikawaka vizuri, faili zote zipo, lakini wifi imepotea kabisa. Nilikuwa na kazi ya kuandika sauti ya mteja, mwisho saa nne. Sikuituma. Elfu tatu na mia tano zikaenda hivyo. Niliacha chuo, so hii lapi ndiyo ofisi yangu. Ilibidi nijue ni nini kilitokea, na kumbe hiyo shida ina historia.

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, ile inaongea na vifaa. Linus Torvalds alitangaza Linux mwaka 1991 kule Helsinki, akiwa mwanafunzi wa miaka 21. Baadaye zikaja moduli: vipande vya kerneli unavyoweza kuchomeka na kuchomoa mashine ikiwa inafanya kazi. Draiva nyingi za wifi ni moduli.

Sasa sikiza. Kwa programu za kawaida, Torvalds ni mkali: kerneli mpya isiharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Kwa moduli, hiyo ahadi haipo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakubwa wa kerneli, aliandika waraka mzima kueleza kwamba ni makusudi. Viungio vya ndani lazima vibadilike ili makosa ya zamani yarekebishwe. Draiva ikiwa ndani ya msimbo wa Linux, anayebadilisha kiungio anairekebisha pia. Ikiwa nje, shauri yako.

Mtu wa Karatina au Kiganjo atanielewa hapa. Reli yetu ya Nanyuki, ya tangu ukoloni, ina upana wa mita moja. SGR iliyofunguliwa 2017 ina milimita 1,435. Behewa la Nanyuki haliwezi kupanda SGR, na si eti limeharibika. Magurudumu yalipimwa kwa reli nyingine. Moduli yangu ilijengwa kwa kerneli ya jana. Ya leo ikaikataa.

Mwaka 2003 wahandisi wa Dell walitengeneza DKMS. Wazo lao ni rahisi: usiweke behewa tu, weka na mchoro wake. Kerneli mpya ikiingia, DKMS inachukua msimbo wa moduli na kuijenga upya. Lakini inahitaji pakiti ya linux-headers ya toleo hilo hilo, na mimi sikuwa nayo. Nikawasha lapi upya, nikachagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, wifi ikarudi. Nikaweka headers, DKMS ikajenga, mambo yakaisha. Kazi ilikuwa imeshaenda.

Kuna wasee watasema basi Linux ni mbaya. Mi nakataa. Hata DKMS hushindwa viungio vikibadilika sana na hakuna mtu wa kurekebisha msimbo. Kampuni ikikuuzia kifaa na kuficha mchoro, siku ikichoka nacho, kimekufa mkononi mwako kikiwa kizima. Hapa mlimani wengi wetu tunatumia mashine ambazo wenyewe wa kwanza walishazichoka.

Kwa hivyo: usifute kerneli ya zamani. Andika `dkms status` kabla ya kuzima mashine. Na ukinunua lapi, uliza kwanza kama wifi yake ina draiva ndani ya kerneli. Na usisasishe usiku wa kuamkia kazi, tafadhali.