Ongezeko la watu Cimpunda

Ongezeko la watu ni badiliko la idadi ya wakazi wa mahali katika muda fulani: waliozaliwa kutoa waliokufa, kujumlisha waliohamia, kutoa waliohama. Kiwango cha uzazi na kiwango cha vifo huhesabiwa kwa kila wakazi 1,000 kwa mwaka; tofauti ya viwango hivyo huitwa ongezeko la asili.

Cimpunda, mtaa wa mlimani katika komuni ya Kadutu, Bukavu (Kivu Kusini), unaonyesha uzito wa uhamiaji. Uzazi ni mkubwa kama kwingineko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini vita vya 1996–1997 na 1998–2003, pamoja na ukosefu wa usalama uliofuata, vilisukuma mjini familia nyingi kutoka maeneo ya Kabare, Walungu, Kalehe na Shabunda. Wengine walifuata shule, hospitali na biashara. Kwa kuwa viwanja ni haba, nyumba zilipanda miteremko, na mvua kubwa huleta mmomonyoko na maporomoko ya udongo, ambayo nayo huhamisha watu tena, mara nyingi hadi mtaa wa jirani tu.

Sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika mwaka 1984, ambapo Bukavu ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 171,000. Takwimu za baadaye ni makadirio, au hesabu za ofisi za mitaa, ambazo humkosa kwa urahisi mtoto asiyeandikishwa na mpangaji wa miezi michache.