Kigari cha 1993 na sanduku lisilofunguliwa: Safari Rally inasema nini kuhusu injini ndogo

Machi 2025 magari ya Safari Rally yalirudi Naivasha yakiwa yametuliwa mzigo yaliokuwa yameubeba kwa misimu mitatu: betri na mota ya umeme. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, lilikuwa limetangaza Novemba 2024 kwamba magari ya daraja la juu yatabaki na injini ya petroli peke yake, lita 1.6 yenye turbo, na uzito wa chini unaoruhusiwa ukashushwa kwa kilo 80 hadi kilo 1,180. Wapenzi wengi wa mbio walishangilia. Furaha yao ilichanganyika na kinyongo kilichokuwa kikitokota dunia nzima tangu Mercedes-AMG ilipoitoa injini ya silinda nane, lita 4, katika C 63 na kuweka ya silinda nne, lita 2, inayosaidiwa na umeme. Nguvu za farasi zilipanda kutoka kama 500 hadi zaidi ya 650, na bado mashabiki wakasema gari limekufa. Malalamiko ya aina hiyo hujumlisha mambo mawili kana kwamba ni moja, yaani udogo wa injini na umeme uliopachikwa juu yake. Mwenye kuisoma orodha ya washindi wa Safari pamoja na kanuni za haibridi za mwaka 2022 ataona kuwa injini ndogo inasingiziwa. Kasoro ya haibridi ilikuwepo, ila ilikaa kwingine, na waliopiga kelele nyingi kuhusu mngurumo hawakuigusa.

Mbio hizi zilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waandaaji wa mwanzo waliyapanga magari kwa bei yake dukani, wala hawakuangalia ukubwa wa injini, na mpango huo unaonyesha walichokuwa wakikitafuta: gari ambalo mnunuzi wa Afrika Mashariki angeweza kuliamini barabarani. Mwaka 1956 ushindi ulikwenda kwa Eric Cecil, mmoja wa waasisi wa mbio zenyewe, na Tony Vickers. Gari lao lilikuwa DKW ya Kijerumani yenye silinda tatu na injini isiyofika lita moja, inayochoma petroli iliyochanganywa na oili. Mwaka 1957, na tena 1962, alishinda mwenye Volkswagen ya kobe yenye lita 1.2. Kwa hiyo anayeitazama Toyota GR Yaris ya leo yenye silinda tatu na kusema hilo si gari la Safari, ajue kwamba silinda tatu zilikwisha kuchukua kombe hili kabla nchi hizi hazijapata uhuru.

Baada ya hapo alikuja Joginder Singh, na hapa hoja inapata mwili. Alizaliwa Kericho, akafanya kazi katika gereji ya baba yake, kisha akawa mtu wa doria wa chama cha magari, yule anayetumwa kumsaidia dereva aliyekwama njiani. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mwaka 1974 akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 aliiacha nyuma Porsche 911 ya silinda sita ya Björn Waldegård, na 1976 akarudia ushindi, huku Lancer mbili nyingine zikimfuata katika nafasi ya pili na ya tatu. Porsche ilirudi 1978 na injini ya lita 3 ikaambulia nafasi ya pili. Joginder aliingia Safari mara 22 akamaliza mara 19, na katika mbio ambazo mwaka 1963 magari saba tu yalifika mwisho, hesabu hiyo ina uzito kuliko idadi yoyote ya farasi. Gari lake dogo lilikuwa jepesi kutoka katika tope, halikuyachosha matairi na shokomzoba, na likiharibika mwenyewe alijua pa kutia mkono.

Hata hivyo, ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa 1993, na inasikitisha kwamba mashabiki wengi wa Subaru wanaojaza barabara za Nairobi kwa mngurumo wa ekzosi hawaujui. Mwaka ule Subaru haikuja na gari kubwa. Ilileta Vivio, kigari cha mjini cha Kijapani, cha lile daraja ambalo sheria ya Japani inalibana lisizidi sentimita za ujazo 660. Piga picha: injini yenye ujazo wa kama chupa mbili ndogo za soda, inayosukumiwa hewa na kompresa, kwenye gari ambalo mtu mrefu anainama kuliingia, nalo linapangwa katika foleni moja na Toyota Celica za magurudumu manne yanayovuta, ambazo mwaka huo zilizoa nafasi nne za kwanza. Vivio tatu zilianza. Moja aliiendesha Colin McRae, Mskoti kijana aliyekuja kuwa bingwa wa dunia miaka miwili baadaye, na moja akapewa Patrick Njiru wa Kenya. McRae hakumaliza. Njiru alifika, akiwa wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Nafasi ya 12 haimtii mtu wazimu akiisoma gazetini, lakini idadi ya magari yenye injini mara tatu ya ile yaliyobaki porini au yaliyoingia nyuma yake inatosha kumnyamazisha anayedai kwamba lita ndizo zinazofikisha gari. Njiru aliisoma njia. Alijua mahali pa kulipumzisha gari, alijua jiwe la kulikwepa, na kigari chenyewe kilikuwa na uzito mdogo hivi kwamba mashimo yaliyokuwa yakiwavunjia wengine magari kwake yalipungua makali. Jambo hili lingestahili bango pale Naivasha kila mwaka. Badala yake vijana wanakariri nguvu za farasi za magari ambayo hawatayagusa kamwe, na jina la Njiru wanalisikia kwa wazee.

Yapo mapingamizi matatu ya kujibiwa. La kwanza ni sauti. Shabiki husema kuwa injini ndogo haina mngurumo, na gari la kasi lisilo na sauti ni pilau bila bizari. Sauti ni haki ya mtazamaji, na sioni sababu ya kuidharau. Lakini mngurumo unaopendwa Kenya kuliko wote, ule wa Subaru Impreza ambayo McRae alishindia Safari ya 1997, ulitoka kwenye injini ya silinda nne, lita 2. Hautoki kwenye ukubwa. Unatoka kwenye namna silinda zilivyolazwa pande mbili na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Kilichonyamazisha magari ya 2022 kilikuwa kanuni iliyowataka madereva watembee kwa umeme mtupu katika maeneo yaliyotengwa, kama vile kambi ya mafundi. Pingamizi la pili ni kwamba Safari ya leo si ile ya Joginder: zamani zilikuwa kilomita elfu tano hivi za barabara za umma, na sasa kilomita zinazopimwa kwa saa hazifiki 400. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kwamba Vivio ingeshinda leo. Nadai tu kwamba historia ya mbio hizi haiwezi kuitwa shahidi dhidi ya udogo.

La tatu ndilo zito. Watetezi wa haibridi watasema: kama ilikuwa na kasoro, mbona Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza 2022 na tena nne za kwanza 2023, katika vumbi lile laini la Kedong, karibu na Naivasha, linaloziba pua za injini? Ni sawa, magari yalifika, na yalikuwa na nguvu zaidi ya farasi 500 pale mota ya kilowati 100 ilipoongeza msukumo wake. Lakini tazama jinsi kifaa kile kilivyokuwa. Betri na mota viliwekwa pamoja katika sanduku lililofungwa kwa lakiri, lililotengenezwa na kampuni moja kwa timu zote, na fundi wa timu hakuruhusiwa kulifungua. Kwenye gari paliwekwa taa: ya kijani ikiwaka, gari ni salama kuguswa, ikiwaka nyekundu, hakuna wa kulikaribia, kwa sababu ya hatari ya umeme. Sasa weka taa hiyo nyekundu kando ya desturi ya Safari, ambako tangu miaka ya hamsini wanakijiji walishuka kwenye tope wakaweka mabega, wakasukuma gari la mtu wasiyemjua. Fundi alizuiwa kufungua na mwananchi alizuiwa kusukuma, yaani watu wawili walioijenga Safari waliambiwa wakae mbali. FIA ilipoiondoa haibridi ilitaja gharama na ugumu wa mitambo, na hayo ndiyo malalamiko ambayo mashabiki wangestahili kuyapigia kelele tangu mwanzo.

Watu wa pwani ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, ambako mbio hizi hazijapata kufika, wana kipimo chao cha jambo hili. Chombo chenye tanga na mashine ni haibridi ya zamani. Kusi likivuma tanga linafanya kazi, upepo ukilala mashine inawashwa, na nahodha anayetoka Tungue kwenda Mikindani hasumbuliwi na swali la kipi kati ya hivyo viwili ni halali zaidi. Mashine ndogo haikuwahi kumvunjia hadhi. Inavumiliwa kwa sababu ikizima katikati ya bahari ipo mikono chomboni inayoweza kuifungua, na kwa sababu tanga halijatupwa. Wasiwasi huohuo unaishi katika gereji za Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambako Toyota Aqua na Fielder za haibridi kutoka Japani zinaingia kila wiki. Mnunuzi haulizi silinda ngapi. Anauliza betri ikifa nani ataitengeneza, na kwa bei gani.

Kuhusu miaka ya karibuni yapo machache ya kusema. Safari ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikabaki ya Afrika, ikarejea 2021, na tangu hapo hadi 2025 mshindi amekuwa Toyota kila mwaka. Dereva wa Kenya anaingia kwa madaraja ya chini, kwani gari la daraja la juu liko nje ya mfuko wake. Kanuni mpya za 2027 zimeweka kikomo cha bei ya gari, euro 345,000, zinatumia vifaa vingi vya daraja la pili, na hazina sanduku la umeme. Injini itakuwa ileile ya lita 1.6, na nguvu zitapungua. Makelele kuhusu udogo yataanza upya. Mimi nitakuwa nikitazama kama kuna gereji moja ya Nairobi itakayopata gari hilo na kuruhusiwa kulifungua boneti.