Selimundu: aleli iliyokataa kufa Pwani na kandokando ya Ziwa

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alirudi na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya. Yeye alikuwa akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alipozipima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, alishangaa: Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na chembechembe zake, lakini nyanda za juu hata mmoja hakufika.

Mwaka huohuo, Marekani, James Neel alionyesha jinsi ugonjwa huu unavyorithiwa. Kila mtoto hupata nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Nakala zinazotofautiana ndizo aleli. Ile ya selimundu ni fiche: ikikaa na ya kawaida, ya kawaida hutawala, na mtu huwa mbebaji asiyeugua. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba, maana wapo wanaodhani wakishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamepona.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mtawa Gregor Mendel wa Brno aliichapisha mwaka 1866 baada ya kuhesabu punje za njegere: 5,474 za mviringo, 1,850 zenye makunyanzi. Karibu tatu kwa moja, yaani moja kati ya kila nne ina makunyanzi.

Allison alibaki na swali gumu zaidi. Ugonjwa uliua watoto wengi kabla hawajazaa. Mbona aleli yake haijatoweka? Aliona kwamba inapatikana kwa wingi palepale penye malaria nyingi. Mwaka 1953 akarudi kupima watoto, akakuta wabebaji wana vimelea vichache vya malaria kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Madhara ya aleli hiyo yanataka nakala mbili. Kinga yake inatosheka na moja. Ndiyo maana imedumu.

Basi wanaomlaumu mama peke yake kwa mtoto mwenye selimundu wanamwonea: aleli moja imetoka kwa baba. Wachumba, ombeni kipimo cha himoglobini hospitalini kabla ya harusi, nyote wawili, kwa sababu mbebaji haoni dalili za kumshtua.