Nani Atalipa? Kamati Huru na Mwafaka wa Vyama kuhusu Tabianchi nchini Uingereza

Tarehe 28 Oktoba 2008 wabunge wa Uingereza walipitisha mswada wa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi kwa kura 463 dhidi ya 3. Jioni hiyo theluji ilianguka London, jambo ambalo mwezi wa Oktoba haukulishuhudia kwa zaidi ya miaka 70, na wapinga mswada hawakuiacha kejeli hiyo ipite bure. Kura hizo hutajwa mara kwa mara kuwa ushahidi kwamba kamati huru ya wataalamu huweza kuwapatanisha wanasiasa. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume chake: mwafaka ndio uliotangulia, kamati ikafuata.

Mwafaka wenyewe ulizaliwa na ushindani. David Cameron, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika uongozi wa chama cha Conservative, alikwenda Svalbard katika Aktiki mwaka 2006 akapigwa picha na mbwa wa kuvuta sleji, kisha akasimama pamoja na shirika la mazingira la Friends of the Earth kuidai sheria hiyo. Serikali ya Labour haikutaka kupitwa, na mwaka huohuo ikaahidi mswada. Kila upande ulichelea kuonekana umezembea. Hofu ya namna hiyo haitengenezwi na jopo la maprofesa, hata wawe mabingwa kiasi gani.

Kazi ya Kamati ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyoundwa na sheria hiyo, imekuwa kuuhifadhi mwafaka huo, na hapo inastahili sifa. Kila bajeti ya kaboni, yaani kikomo cha gesijoto ambazo nchi inaruhusiwa kutoa, huhusu miaka mitano na huwekwa takriban miaka 12 kabla ya kuanza, hivyo waziri anayeitia saini kwa kawaida si yule atakayeitekeleza. Serikali ina haki ya kuukataa ushauri wa Kamati, ila lazima ieleze sababu zake hadharani. Mwaka 2011 utaratibu huo ulipata mtihani wake wa kwanza. Kamati ilikuwa imependekeza kwamba katika miaka ya 2023–2027 gesijoto zishuke hadi nusu ya kiwango cha 1990. George Osborne wa Wizara ya Fedha na Vince Cable wa Biashara walipinga. Chris Huhne wa Nishati akang'ang'ania. Serikali ikakubali kwa sharti kwamba bajeti ipitiwe upya mwaka 2014. Ulipofika wakati huo, Kamati, chini ya Lord Deben aliyepata kuwa waziri wa Conservative, ilisema hakuna kilichobadilika cha kuhalalisha kuilegeza. Haikulegezwa. Wahafidhina waliambiwa hapana na mhafidhina mwenzao, na hilo lilikuwa na uzito kuliko grafu yoyote.

(Kenya, kwa sheria yake ya tabianchi ya 2016, iliunda baraza ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Baraza la aina hiyo linaweza kuwaita mawaziri wakaja mbio, lakini refa hawezi kuwa nahodha wa timu mojawapo.)

Hata hivyo, miongoni mwa wale watatu wa 2008 alikuwamo Peter Lilley, aliyeuliza gharama zitakuwa kiasi gani na zitamwangukia nani. Sikubaliani na hitimisho lake, lakini swali lake halikujibiwa. Lilizidiwa kura tu. Mwaka 2019 Bunge liliongeza lengo: kufikia 2050 nchi isizalishe gesijoto kuzidi zile zinazoondolewa hewani. Wabunge waliliidhinisha bila kupiga kura. Kamati ilikuwa imekadiria gharama za mwaka kuwa asilimia 1 hadi 2 ya pato la taifa ifikapo 2050, na kuiomba Wizara ya Fedha ichunguze mgawanyo wake. Ripoti ya wizara ilitoka mwaka 2021, na haikusema nani atalipa nini. Kwa hiyo, Oktoba 2025 Kemi Badenoch, akiwa kiongozi wa Conservative, alipotangaza kwamba chama chake kitaifuta sheria yote, hoja aliyoishika ilikuwa ileile ya gharama. Theresa May, waziri mkuu wa zamani wa chama hichohicho, alimpinga waziwazi. Lakini sheria iliyopitishwa kwa wingi wa kawaida wa kura hufutwa vivyo hivyo.

Ujerumani ilianzia upande wa pili. Tume yake ya makaa ya mawe ilikuwa na wajumbe 28 wenye kura: vyama vya wafanyakazi, waajiri, wanamazingira, wanasayansi, wakazi wa maeneo ya migodi. Januari 2019 wajumbe 27 walikubaliana kuachana na makaa kabla ya mwisho wa 2038, na kupendekeza yuro bilioni 40 kwa mikoa itakayoathirika. Wanasayansi wengi walilalamika kwamba 2038 ni mbali mno, na kwa hesabu ya angahewa wana haki. Lakini bei iliandikwa kwenye waraka uleule wenye tarehe, na wenye migodi na wachimbaji waliisikia kabla ya sheria ya 2020 kupitishwa.

Kwa boila za gesi zilizomo katika mamilioni ya nyumba, ambazo nazo zitapaswa kuachwa ili lengo la 2050 lifikiwe, Uingereza haijaitisha meza ya namna hiyo. Mwaka 2020 wananchi 108 waliochaguliwa kwa bahati nasibu walijadili tabianchi kwa wikendi kadhaa, wakatoa mapendekezo ya kina kuhusu nyumba, magari na chakula. Walioitisha mkutano huo ni kamati sita za Bunge, si serikali, na hakuna waziri aliyefungwa na walichoamua.